Ioni au kovalenti? Dalili zinazochanganya, sababu zake na jinsi ya kuzitatua

Maswali yanayoletwa kwenye tuisheni za jioni hapa Moshi kuhusu kampaundi za ioni na za kovalenti ni yaleyale kila mwaka. Kinachobadilika ni rangi ya sare. Taa ya kipima-umeme haikuwaka. Taa imewaka mahali isipotakiwa. Kitabu kinasema "metali na simetali", mtihani umeleta kampaundi isiyo na metali hata moja. Nimeyapanga kwa dalili, sababu ya kawaida ikitangulia na ya nadra ikifuata, ili uanze na kilicho rahisi kukagua kabla hujaanza kuilaumu kemia.

Shika jambo moja kwanza. Kwenye kampaundi ya ioni, atomu moja imetoa elektroni na nyingine imepokea. Zimebaki chembe zenye chaji chanya na chaji hasi, zimejipanga kwa zamu pande zote na kufanya fuwele. Hakuna molekuli humo. Kwenye kampaundi ya kovalenti atomu zinatumia elektroni kwa ushirika, na mara nyingi zinafanya molekuli: vifurushi vidogo visivyo na chaji, kila kimoja kikijitegemea. Mshikamano huo, uwe wa ioni au wa kovalenti, ndio unaoitwa bondi. Kila jaribio utakalolifanya linagusa upande mmoja tu wa habari hii. Wengi wanakwama kwa sababu wanaliuliza jaribio swali ambalo haliwezi kulijibu.

Kifaa chenyewe

Utahitaji kipima-umeme cha kujitengenezea: betri ya mstatili ya volti 9, kitaa chekundu cha LED, rezista ya omu 470, waya, na penseli mbili zilizochongwa ncha zote mbili. Fundi redio yeyote, Arusha au Moshi, anavyo vitu hivi na atakuunganishia hapohapo. Betri, rezista, kitaa na penseli zikae kwenye mzunguko mmoja, ncha mbili za penseli zikibaki wazi kwa ajili ya kupimia. Misumari iache. Ikikaa kwenye maji ya chumvi huku umeme unapita, chuma kinaanza kuliwa, maji yanageuka rangi ya kutu, na hujui tena unapima nini.

ONYO: Betri tu. Usitumie chaja ya simu wala usichomeke "kidogo tu" kwenye soketi. Soketi ya ukutani ina volti 230, na maji ya chumvi yanaupitisha umeme huo vizuri mno hadi mkononi. Kama kuna mtu ameshachomeka, usiguse glasi wala maji. Zima swichi kuu, na soketi hiyo isitumike mpaka fundi umeme aikague.

Dalili ya 1: Nimepima chumvi, taa haiwaki

Hili ndilo linaloongoza. "Shikamoo mwalimu, chumvi ni ya ioni, mbona taa imekaa kimya?"

Kagua kifaa kwanza: gusanisha ncha mbili za penseli. Taa isipowaka, chumvi haina kesi. Geuza miguu ya LED, kwa maana inapitisha umeme upande mmoja tu, na mguu mrefu ndio unaoelekea upande chanya wa betri. Bado? Betri imekwisha, au risasi ya penseli (yaani grafiti, si metali ya risasi) imekatika ndani ya mti wake. Hili la mwisho linatokea sana kwa penseli za bei rahisi ambazo zimeshaanguka sakafuni mara kadhaa.

Kifaa kikiwa kizima, sababu inayoongoza ni kwamba chumvi ilipimwa ikiwa kavu, penseli zimechomekwa kwenye lundo lililo kisahanini. Ioni zimo tele, ila ni kama abiria wa haisi ya Marangu siku ya gulio: wamejaa, na hakuna anayesogea. Umeme ndani ya kampaundi ya ioni husafirishwa na ioni zinazotembea, na kwenye fuwele kila moja imefungwa mahali pake. Weka kijiko kimoja cha chai kwenye nusu glasi ya maji, koroga, sogeza ncha za penseli zikaribiane kama sentimita moja, pima tena. Itawaka vizuri.

Sababu ya tatu ni balbu. Waliotumia balbu ya tochi ya zamani badala ya LED wanalalamika kwamba haiwaki hata kwenye maji ya chumvi. Balbu ile inataka mkondo mkubwa kuliko ambao mmumunyo mwepesi unaweza kupitisha, kwa hiyo ama ongeza chumvi ama badilisha balbu.

Kuna na kinyume chake: wakati wa masika chumvi ya mezani inavuta unyevu, na hapo "chumvi kavu" inawasha taa kwa mbali. Ikaushe kwenye kikaango dakika chache, ipoe, ndipo upime.

ONYO: Ukipima maji ya chumvi utaona vipovu, na kwenye penseli ya upande chanya utasikia harufu kama ya jiki. Hiyo ni gesi ya klorini. Sekunde tano za kipimo zinatosha. Usiache kifaa kikiendelea huku unaandika. Fungua dirisha, na mwenye pumu akae mbali. Ukianza kukohoa au kifua kikabana, acha kila kitu, toka nje, na kama hali haitulii nenda kituo cha afya.

Dalili ya 2: Taa imewaka kwenye maji ya sukari

Sukari ni ya kovalenti. Hata ile inayotoka kiwanda cha TPC pale Arusha Chini, molekuli zake zinaingia kwenye maji zikiwa nzima, bila chaji, na haziwezi kubeba umeme. Basi nani kawasha taa?

Mshukiwa wa kwanza ni maji. Pima maji peke yake kabla hujaweka chochote. Hatua hii inachukua nusu dakika na ndiyo inayorukwa kuliko zote. Maji ya bomba na ya visima yana ioni zake, na kwa wenzetu wa Arusha jambo hili ni kubwa kuliko somo lenyewe. Maji yanayopita kwenye miamba ya Mlima Meru yanabeba sodiamu na baikabonati, na sehemu nyingine yanabeba floraidi ya kutosha kugeuza meno ya watoto kuwa ya kahawia. Ukipanda gari kuelekea Usa River na Maji ya Chai huhitaji kuelezwa. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na vipo vyanzo vingi ukanda ule vinavyokipita.

Wazazi huuliza kama kuyachemsha kunasaidia. Hakusaidii, na sababu yake ni somo hilihili la bondi. Unapochemsha, zinazopaa ni molekuli za maji. Floraidi ni ioni, haina njia ya kupaa pamoja na mvuke, inabaki sufuriani. Maji yakipungua, floraidi inakolea. Kuchemsha kunaua vijidudu, na kwa hilo uendelee, lakini floraidi inaondolewa kwa njia nyingine, kama ile ya mkaa wa mifupa iliyofanyiwa kazi kwa miaka mingi kwenye kituo cha utafiti cha Ngurdoto.

ONYO: Kipima-umeme chako kinajua kwamba kuna ioni, hakijui ni zipi. Usikitumie kuamua kama maji ni salama kunywa. Peleka sampuli kwa mamlaka ya maji ya eneo lako ipimwe.

Kwa jaribio lako, kinga maji ya mvua kwenye chombo safi kilichowekwa wazi, mbali na bati, baada ya mvua kunyesha kwa muda. Au nunua maji ya betri, yaani mvuke uliopozwa ukawa maji tena. Hapo kuwa macho sana: kwenye maduka ya vipuri wapo wanaoita "maji ya betri" hata ile asidi ya betri, ambayo ni asidi ya salfuriki na inachoma ngozi na kutoboa nguo. Soma lebo. Chupa isiyo na lebo usiinunue. Ikikurukia, mwaga maji mengi mahali hapo kwa dakika zisizopungua 15. Ikiwa ni jichoni, fanya hivyohivyo kisha nenda hospitali bila kusubiri kuona kama itapoa yenyewe.

Mshukiwa wa pili ni kijiko kilichotoka kwenye kopo la chumvi, au penseli zilizopima chumvi na hazikusuuzwa. Pima sukari kwanza, chumvi baadaye, na tatizo hilo limekwisha.

Wa tatu anavutia zaidi: asidi. Ndimu na siki zinawasha taa, ingawa asidi zilizomo ni za kovalenti. Haidrojeni kloraidi ndiyo mfano unaopendwa na watunga mitihani. Ikiwa peke yake ni gesi, inachemka kwenye nyuzi 85 chini ya sifuri, ina molekuli na haipitishi umeme. Ikiingia kwenye maji, maji yanazivunja molekuli zake na ioni zinazaliwa hapo. Kwa hiyo taa ikiwaka kwenye mmumunyo, inakuambia kuwa ioni zipo majini sasa hivi. Haikuambii kama zilikuwepo kabla hujaweka kitu hicho majini. Mwanafunzi anayeandika "HCl ni ya ioni kwa kuwa mmumunyo wake unapitisha umeme" amejibu swali la pili kwa jibu la kwanza.

Dalili ya 3: Haimumunyiki majini, kwa hiyo nimeandika kovalenti

Kumumunyika majini ni ushahidi dhaifu kuliko yote kwenye mada hii, na ndio wanafunzi wanaouamini zaidi. Tazama namba. Mililita 100 za maji ya kawaida zinachukua gramu 36 hivi za chumvi kisha zinakataa. Maji hayohayo yanachukua sukari gramu 200. Ingekuwa kumumunyika ndiyo alama ya ioni, sukari ingekuwa bingwa.

Upande wa pili, ganda la yai, marumaru na mawe ya chokaa ni kalsiamu kabonati. Ni ya ioni, na unaweza kuikoroga majini siku nzima isimumunyike. Mvutano kati ya ioni zake ni mkubwa kuliko faida inayopatikana maji yakizizunguka, basi zinabaki zimeshikana. Kalsiamu floraidi ni hivyohivyo: lita nzima ya maji inachukua miligramu 16 hivi tu. Sodiamu floraidi inamumunyika vizuri. Ndiyo maana maji ya pembezoni mwa Meru, yenye sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo, yanaweza kubeba floraidi nyingi bila kuiangusha chini.

Ukitaka kutumia umumunyifu, tumia vimumunyisho viwili. Kitu kinachokataa maji lakini kikaingia kwenye mafuta ya taa, kama naftalini ya kabatini, karibu hakika ni cha kovalenti. Kinachokataa vyote viwili bado hujakijua: kinaweza kuwa kalsiamu kabonati ya ioni, kinaweza kuwa mchanga ambao ni kovalenti tupu. Nenda kwenye fomula.

Mafuta ya taa yatumie nje, kiasi cha kijiko, pasipo jiko wala sigara karibu, na naftalini isishikwe na watoto. Ni sumu ikimezwa.

Dalili ya 4: Fomula inanidanganya

Kanuni ya "metali na simetali ni ioni, simetali na simetali ni kovalenti" inafanya kazi mara nyingi sana. Inapokwama, inakwama mahali pachache panapojulikana.

Pa kwanza ni amoniamu. NH₄Cl haina metali, nayo ni ya ioni. Kundi la NH₄ limebeba chaji chanya moja na linakaa mahali ambapo metali ingekaa. Ukiona NH₄ mwanzoni mwa fomula, simama, usikimbilie kuandika kovalenti.

Pa pili ni kampaundi zenye bondi za aina zote mbili. Swali la "taja aina ya bondi kwenye Na₂CO₃" limewaangusha wengi kwa kuwa wanatafuta jibu moja. Chukua magadi, yale ya kuwekea makande. Yanayotoka Ziwa Natron ni sodiamu kabonati na sodiamu baikabonati zilizogandana pamoja na maji. Kati ya sodiamu na kundi la kabonati bondi ni ya ioni. Ndani ya kabonati yenyewe, kaboni na oksijeni zimeshikana kwa kovalenti. Ukiyatia majini, kinachoachia ni ile ya ioni peke yake: sodiamu inaenda zake, kabonati inabaki kundi moja. Lugha ya kutumia kwenye jibu ni "kampaundi ya ioni yenye bondi za kovalenti ndani ya ioni ya kabonati". Mrututu, ule wa bluu ambao wakulima wa kahawa wameuchanganya na chokaa miaka na miaka kupambana na kutu ya majani, una habari hiyohiyo: shaba upande mmoja, salfeti upande wa pili, na molekuli za maji zimekaa ndani ya fuwele. (Magadi nayo mengine yana floraidi. Anayeishi eneo lenye meno ya kahawia apunguze mkono.)

Pa tatu ni metali ndogo zenye chaji kubwa. Alumini kloraidi ina metali na simetali, lakini ukiipasha inageuka mvuke moja kwa moja kwenye nyuzi 180 hivi, na ikiyeyushwa kwa shinikizo inapitisha umeme kwa shida sana. Ioni ya alumini ingekuwa ndogo na yenye chaji tatu. Inazivuta elektroni za klorini kiasi kwamba zinaishia kushirikiwa. Metali ya bati (Sn, si bati la paa) nayo ina kloraidi, SnCl₄, ambayo ni kimiminika kabisa kwenye joto la chumbani. Hapo neno "metali" halitakusaidia kitu.

Ndipo wengine wanakimbilia tofauti ya elektronegativiti, yaani uwezo wa atomu kuvuta elektroni za bondi, kwa kipimo alichokitoa mwanakemia Linus Pauling mwaka 1932. Sodiamu 0.93, klorini 3.16, tofauti 2.23: ioni. Haidrojeni 2.20 na klorini 3.16, tofauti 0.96: kovalenti yenye ncha, yaani elektroni zinashirikiwa lakini zimevutwa zaidi upande mmoja. Mpaka unaofundishwa ni 1.7, na watu wanautumia kama mpaka wa Namanga, huku au kule. Jaribu haidrojeni floraidi: tofauti ni 1.78, imevuka, lakini ni molekuli na inachemka kwenye nyuzi 19.5. Jaribu magnesiamu bromaidi: 1.65, haijavuka, lakini ni fuwele ya ioni inayoyeyuka kwenye nyuzi mia saba na ushee. Mimi ningeutumia mpaka huu pale tu ambapo fomula na tabia vimegoma kukubaliana, na hata hapo ningeuandika kama dokezo.

Dalili ya 5: Nimepasha moto, sielewi kilichotokea

Kinachotegemewa: kampaundi ya molekuli inayeyuka mapema, ya ioni inachelewa. Nta ya mshumaa inaachia kwenye nyuzi 60 hivi, naftalini 80, chumvi 801. Jikoni kwako chumvi haitayeyuka kikaangoni hata ukipepea mkaa hadi jioni. Itapasukapasuka na kurukaruka, na wengi wanaandika "imeanza kuyeyuka". Hapana, ni maji yaliyonaswa ndani ya punje yanayotafuta njia ya kutoka.

Kosa la pili ni kuita kila badiliko kuyeyuka. Sukari inakuwa ya kahawia na kunukia karameli: molekuli zinavunjika. Mrututu unapoteza bluu na kuwa mweupe: maji yake yametoka, na ukiurudishia tone la maji bluu inarudi. Magadi yanatoa kaboni dioksaidi na mvuke. Kwenye matukio yote matatu hukupata kiwango cha kuyeyuka, basi usikitumie kama ushahidi.

Kosa la tatu ni mchanga. Silika inayeyuka karibu na nyuzi 1,700, juu kuliko chumvi mara mbili, na ni ya kovalenti. Haina molekuli, silikoni na oksijeni zimeshikana mtandao mmoja toka ukingo hadi ukingo wa punje, na ili iyeyuke lazima bondi zenyewe zikatike. Kwenye nta au naftalini bondi hazikatiki. Kinacholegea ni kani ndogo kati ya molekuli na molekuli. Wanafunzi wanaoandika "bondi za kovalenti ni dhaifu" wakumbuke mchanga, halafu wakumbuke almasi.

Mkoa wa Arusha una maabara ya jambo hili ambayo hakuna shule inayoweza kuinunua. Ol Doinyo Lengai, kusini mwa Ziwa Natron, ndiyo volkano hai pekee duniani inayotoa lava ya kabonati za sodiamu, potasiamu na kalsiamu. Lava hiyo ina nyuzi 500 hadi 600, wakati lava za kawaida za silika zinafika 1,100 na zaidi. Sodiamu kabonati ikiwa peke yake inahitaji nyuzi 851 ili iyeyuke, mchanganyiko unaishusha. Inatiririka nyepesi karibu kama maji, nyeusi, kisha ikipata unyevu wa hewa inageuka nyeupe. Wepesi ule unatokana na bondi: kabonati zilizoyeyuka ni ioni, kila moja iko peke yake na inampita jirani bila kumshika. Kwenye lava ya silika, silikoni na oksijeni zinaendelea kushikana minyororo hata zikiwa moto, na ndiyo maana lava hiyo ni nzito kutembea.

ONYO: Nyumbani usipashe mrututu, naftalini, mbolea wala chochote kutoka duka la pembejeo, na vyombo vya kupikia visiguse kemikali. Jaribio la kuyeyusha kampaundi ya risasi ili kuonyesha kwamba ioni zilizoyeyuka zinapitisha umeme bado limo kwenye vitabu vya zamani. Mvuke wake ni sumu. Lifanyike na mwalimu, ndani ya kabati la kutolea moshi, na kama shule haina kabati hilo lisifanyike.

Dalili ya 6: Mifuko miwili ya mbolea, punje nyeupe, lebo zimefutika

Hili linaletwa na wazazi kuliko wanafunzi. Mmoja ni Urea, mwingine ni CAN (kalsiamu amoniamu naitreti), hajui upi ni upi, na mvua zimeshaanza.

Kwanza, kilichowapoteza wengi: vyote viwili vinafanya glasi kuwa ya baridi vikitiwa majini. Ubaridi huo hausemi lolote kuhusu bondi. Tumia kipima-umeme. Urea ni ya kovalenti, inaingia majini ikiwa molekuli nzima. Taa itabaki gizani au itameremeta kwa mbali sana kwa sababu ya uchafu. CAN ina amoniamu naitreti, ambayo ni ya ioni; taa inawaka waziwazi, na mara nyingi chini panabaki unga wa mawe ya chokaa usiomumunyika. Tumia maji ya mvua, vinginevyo unarudi kwenye dalili ya 2.

Ukitaka uthibitisho, toka nje, changanya punje chache zenye unyevu na chokaa kidogo. CAN itatoa harufu kali ya amonia papo hapo, kwa kuwa chokaa imeinyang'anya amoniamu haidrojeni yake moja. Urea haitanuka wakati huo. Usiinamishe pua juu ya chombo. Pepea hewa kwa mkono ikufikie.

ONYO: CAN isisogezwe karibu na moto. Amoniamu naitreti ndiyo iliyolipuka bandarini Beirut tarehe 4 Agosti 2020, takriban tani 2,750. Na kama baada ya vipimo bado una shaka, mwite afisa ugani kabla hujamwaga shambani. Urea ina naitrojeni asilimia 46, CAN kama 26 au 27, na kipimo cha moja kikitumika kwa nyingine mahindi hayatakusamehe.

Dalili ya 7: Nimejua ni ioni, mchoro umekataliwa

Haraka haraka, maana makosa ni machache. Duara zimegusana au kuingiliana: hiyo ni picha ya kovalenti; za ioni zichore mbalimbali, kila moja ndani ya mabano yake ya mraba, chaji ikiwa juu kulia. Elektroni iliyotolewa bado imechorwa kwa mtoaji: ihamishe. Magnesiamu kloraidi ina klorini moja tu: magnesiamu ina elektroni mbili za kutoa, na klorini moja inahitaji moja, basi zinahitajika klorini mbili. Na usiandike "molekuli ya chumvi". NaCl inakuambia uwiano wa sodiamu moja kwa kloraidi moja kwenye fuwele nzima. Hakuna jozi iliyojitenga humo.

Dalili ya 8: Kuna unga mweupe maabara, hauna lebo, nataka kujua ni wa ioni au wa kovalenti

Usionje. Naanza na hili kwa sababu ndilo la kwanza kufanywa, na kwa sababu chumvi, sukari, bariamu kloraidi na risasi naitreti zote ni nyeupe, mbili za mwisho zikiwa sumu. Usinuse pia.

Kama mwalimu yupo na ameruhusu, kiasi cha ncha ya kijiko kwenye maji safi, kipima-umeme, andika. Kama yupo lakini hajui unga ulitoka wapi, au chupa ilikuwa kwenye kabati lililofungwa, au unga umeganda kwenye mfuniko, kazi imeishia hapo. Usifungue kwa nguvu. Usimwage kwenye sinki wala nyuma ya choo. Weka karatasi iliyoandikwa "haijulikani" na tarehe, nawa mikono kwa sabuni, na chupa imsubiri fundi sanifu wa maabara pale ilipokuwa.